Wiki za Verna

Jumatatu, 2 Desemba

Theluji ya kwanza ya maana. Nimeikwangua njia ya gari mara mbili na bado haionekani. Mgongo hauna hali. Nimekula mkate na siagi nimesimama, nikalala na soksi.

Jumatano, 4 Desemba

Verna Tollefsrud amepiga simu kuniuliza kama najua kusoma ramani. Nikamwambia simu yangu inajisomea yenyewe. "Simu haijui barabara nzuri," akasema, "inajua barabara fupi tu." Akanikaribisha kahawa kesho. Nikasema asante, nisingependa kukusumbua. Akasema hakuna usumbufu. Nikasema basi labda siku nyingine. Akasema kesho saa nne. Hapa kwetu Minnesota mtu hukataa mara mbili kwanza, ya tatu ndiyo anakubali. Nikakubali.

Alhamisi, 5 Desemba

Nilimkuta Verna ameshatandaza ramani mezani, kaibana pembe zote kwa vikombe, hata pa kuwekea kahawa hakuna.

"Mwezi wa tatu tunaondoka," akasema kabla sijavua koti.

"Tunaondoka kina nani?"

"Mimi, wewe na gari lako."

Verna ana miaka themanini na mbili. Mimi nina sitini na mbili, lakini ananiita mtoto. Tumejuana jikoni, chini ya kanisa letu la Kilutheri, ambako kina mama tunaandaa chakula kila pakitokea msiba: mikate ya nyama, viazi vya kuoka na jibini, keki, kahawa. Kahawa ni ya Verna, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Mwezi wa kumi msiba ulikuwa wangu. Tulipotoka kumzika mama, watu wanashuka kula, nikajikuta nimefunga aproni nakata mikate ya matanga ya mama yangu mwenyewe. Verna akanivua ile aproni kwa mikono yake. "Toka humu," akaniambia. "Leo wewe ni mfiwa. Kaa uletewe." Sijamsahau kwa hilo.

Sasa, huko anakotaka twende ni kwenye nyumba zake za likizo. Marehemu mumewe, Lowell, hakuweza kumkatalia mtu anayeuza kitu, na miaka ya nyuma aliuziwa nyumba za zamu. Hununui nyumba, unanunua wiki ya nyumba: wiki moja kila mwaka kwenye nyumba ya likizo mahali fulani, na wiki zilizobaki ni za watu wengine. Kama hutaki kwenda kwako, unaitia wiki yako kwenye chungu cha kampuni na kuchota ya mtu mwingine, mahali pengine. Tangu Lowell afariki, Verna hajakwenda popote. Anatia tu chunguni. Sasa zimefika wiki tano, na zisipotumika zinakufa mwisho wa Aprili.

"Rhonda hazitaki?" Rhonda ni binti yake, anakaa Denver.

"Hata bure. Anasema ni ugonjwa wa kurithi. Mimi siwezi kufa na wiki tano mkononi, mtoto, Lowell atanicheka. Macho yangu hayaendeshi tena gari. Wewe unaendesha, mimi nina nyumba. Unasemaje?"

Nikasema nitafikiria. Nimefikiria njia nzima ya kurudi, na hapa naandika ukweli: nataka. Miaka minne nimemuuguza mama. Miaka minne nimelala jicho moja wazi. Nilimpenda, na ningerudia, lakini nimechoka mpaka ndani ya mifupa, na duniani sasa nakitaka kitu kimoja tu, kukaa mahali pa joto ambapo hakuna mtu ananihitaji. Kama Verna ana nyumba tano za namna hiyo, basi Mungu amlaze Lowell pema.

Jumanne, 10 Desemba

Nimemwambia Verna ndiyo. "Nilishawaambia watu," akasema.

Jumatano, 18 Desemba

Kumbe kupanga safari hii ni kazi kwelikweli. Tunataka kushuka kusini kituo kwa kituo: Wisconsin, Missouri, Arkansas, mpaka pwani ya Alabama. Lakini za Wisconsin zinaanza Ijumaa, za Missouri Jumamosi, za Arkansas Jumapili. Ukitolewa huku asubuhi, kule huingizwi mpaka kesho yake.

"Hizo siku za katikati tulale wapi?" nikamuuliza. "Kwenye buti?"

"Motelini."

"Tuna nyumba tano halafu tunalala motelini?"

"Ndiyo raha ya safari, Arlys. Usiwe mzee."

Verna alikuwa opereta wa simu enzi za kuchomeka nyaya ubaoni, na kusubiri kwenye simu kwake ni starehe. Anaweka muziki wa kampuni kwa sauti ya juu, anafuma soksi. Mtu anayempokea ni mmoja tu, anaitwa Darnell, yuko Indiana. Verna anajua Darnell ana mapacha na kwamba mama mkwe wake hamsemeshi. Darnell yeye anajua habari zangu zote. Leo amenitumia pole ya mama.

Nilikaa pale mpaka giza likaingia. Nimerudi kichwa kinagonga, lakini kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi nimecheka.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi peke yangu. Nimeoka kuku mzima kwa mazoea. Verna yuko Denver kwa Rhonda. Amepiga simu kusema kuna nyumba imeachwa wazi Galena, Illinois, na sisi tunapita karibu. Hatupiti karibu.

Jumatatu, 6 Januari

Leo nimeona jambo ambalo sikutaka kuliona. Verna akimimina kahawa anatumbukiza kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Ana kioo cha kukuzia kikubwa kama sufuria, na hata hivyo akaweka kidole Kentucky akasema, "Hapa ndipo Hot Springs." Hot Springs iko Arkansas, lakini sikumsahihisha. Anasema katikati ya macho yake kuna doa, anaona kando kando tu. "Wewe nakuona masikio," akaniambia. "Ni masikio mazuri."

Nimefurahi kwa masikio. Kwa mengine sijui nifurahie nini.

Jumanne, 14 Januari

Baridi ishirini na sita chini ya sifuri. Gari limekataa kuwaka. Sikulilaumu.

Jumapili, 19 Januari

Nimegundua habari ya staftahi. Kwenye hizi nyumba za zamu, ukifika tu wanakualika staftahi ya bure, nayo si ya bure hata kidogo: utakaa saa moja na nusu na muuzaji mwenye meno meupe anayetaka ununue wiki nyingine. Mtu mwenye akili zake anakimbia. Verna amekubali kila kituo.

"Kila kituo, Verna?"

"Wanatoa zawadi. Mara sufuria, mara tiketi za onyesho."

"Utanunua?"

"Mimi? Sijawahi kununua hata leso. Lowell ndiye alikuwa ananunua, mimi nilikuwa nakula."

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

Akatafuta kijiko mezani kwa vidole. "Wewe hujui," akasema. "Anakaa mbele yako kijana msafi. Anakuuliza umetoka wapi, ulioana na nani, ulifanya kazi gani, unapenda kula nini. Anakusikiliza saa moja na nusu, na kahawa anakujazia. Tangu Lowell aondoke, nani mwingine amenisikiliza saa moja na nusu?"

Nilitaka kusema mimi. Halafu nikahesabu saa zangu zote pale mezani nikakumbuka kwamba kwa kweli nilikuwa nasinzia. Lakini pia nilifikiri: hizo staftahi nitakaa nazo mimi. Wanataka wote walioandikishwa wawepo, la sivyo zawadi hamna. Asubuhi zangu zote za kusini, nimekaa na kijana mwenye meno.

Jumatatu, 27 Januari

Rhonda amenipigia. Hajawahi kunipigia maishani.

"Arlys, sijui nikushukuru vipi," akasema. "Hujui umenitua mzigo gani."

Nikasema hakuna neno. Akaendelea, na kwa sauti nikajua anasoma mahali. Mama ana dawa za asubuhi, za mchana na za jioni, mchana ndizo anazosahau. Mama anachomwa sindano ya jicho kila baada ya muda, atanitafutia kliniki huko njiani, kazi yangu ni kumfikisha tu. Mama haoni ngazi vizuri. Mama siku hizi anaamka usiku, si kila siku. "Lakini wewe umezoea," akasema. "Ulimlea mama yako vizuri sana, kila mtu anasema."

Nikasema asante. Mwenyezi Mungu anisamehe, nikasema asante.

Nimekaa jikoni na simu mkononi mpaka supu imeungua. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walimjua Rhonda. Mama yake ataning'inia begani kwangu kutoka hapa mpaka Alabama, na yeye ataniombea heri. Na Verna? Alijua? Ile siku ananivua aproni alikuwa ananihurumia, au alikuwa anapima mabega? Ni wazo baya, lakini limekaa na haliondoki.

Jumatatu, 3 Februari

Verna amepata Galena. Sasa vituo ni vitano kamili. "Unaonaje?" akauliza. Nikamwambia, "Hilo nalo ni wazo." Kwetu hapa, mtu akikwambia hivyo anakuomba uache. Nilisema hivyo hivyo Krismasi, na nikasema tena juu ya staftahi. Hewala haigombi, ndivyo tulivyolelewa, na ndiyo maana nusu ya kaunti hii ina vidonda vya tumbo.

Ijumaa, 7 Februari

Theluji. Mafua. Sikwenda kwa Verna, nikasingizia barabara.

Jumanne, 11 Februari

Leo ndiyo imekuwa leo.

Nilikwenda kwa Verna saa nane mchana kumalizia mpango wa moteli. Anga ilikuwa na rangi ya bati, nikajua itashuka, nikasema nitakaa kidogo tu. Verna alikuwa ameoka, jikoni kunanukia iliki. Alikuwa na furaha. Akaimba kidogo na muziki wa kampuni kwenye simu. Halafu kama mtu anayepitisha chumvi, akanisogezea kijisanduku chake cha dawa, kile chenye vyumba vya siku saba, na mfuko wa chupa.

"Rhonda anasema utakuwa unanipangia wewe," akasema. "Bora uanze kuzijua."

Nikafungua chupa ya kwanza. Kile cheupe cha presha Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kile cha njano. Nusu ya kile cha kahawia, nikakikata kwa kucha kama nilivyokuwa nakata vya mama. Sikuwa nimefikiri lolote. Nikaitazama mikono yangu inafanya kazi peke yake, imefika Alhamisi, na nikajiona nitakavyokuwa kwenye kila moja ya zile nyumba tano, kwenye meza ya watu, na bahari nje, napanga vidonge.

Nikafunga kijisanduku.

"Sitaki," nikasema.

"Hutaki nini, keki?"

"Sitaki kukuuguza, Verna. Sitaki kumuuguza mtu yeyote. Nimemaliza. Miaka minne nimemlisha, nimemwogesha, nimembadilisha, nimelala kwenye kiti. Nilikubali safari hii ili nipumzike, nanyi mnanifanya yaya, wewe na binti yako, na kuniuliza hamjaniuliza! Vituo vitano! Staftahi tano! Sindano za macho Arkansas! Mimi sitaki. Nimechoka. Unanisikia? Nimechoka!"

Nilikuwa nimesimama. Sijapiga kelele ndani ya nyumba ya mtu maisha yangu yote. Kwenye simu ule muziki ukakatika, sauti ya Darnell ikasema, "Haloo? Mama Verna?" Verna akapapasa akaikata. Hajawahi kumkatia Darnell.

Akageuza uso pembeni, na sikujua kama ananikwepa au ananitazama, maana ndivyo anavyotazama siku hizi.

"Kahawa zaidi?" akauliza.

"Hapana, asante. Naona niende."

"Nenda salama."

Nikavaa koti, nikafungua mlango, na mbele yangu hakuna kitu. Hakuna barabara wala gari langu wala nyumba ya jirani. Dhoruba ilikuwa imeshuka sisi tunagombana. Mtu haendeshi kwenye hali ile, watu wamekufa umbali wa hatua chache kutoka milangoni mwao. Nikafunga mlango. Nikavua koti.

"Itabidi nikae," nikasema.

"Itabidi," akasema.

Basi tukakaa. Ukimtukana mtu unapaswa kuwa na mahali pa kwenda, na mimi sikuwa napo. Akatoa karata zake zenye namba kubwa, tukacheza. Hakusema neno ila "zamu yako". Saa kumi na mbili akapasha viazi na nyama ya kusaga, akanipakulia sahani iliyojaa, nikala yote kwa sababu kubakiza kungekuwa tusi la pili. Katapila la kukwangua theluji lilipopita hatimaye, nikasema asante kwa chakula. Akasema karibu. Akanifungia kipande cha keki kwenye karatasi. Niliendesha polepole nyumbani nikiwa na ile keki mapajani, nimekasirika, nimeaibika, na chini kabisa ya hayo yote nimepata nafuu kubwa. Nimelisema.

Alhamisi, 13 Februari

Verna hajapiga simu.

Jumamosi, 15 Februari

Wala leo.

Jumatatu, 17 Februari

Msiba wa mzee Engebret. Jikoni kanisani nilikata mikate, yeye kwenye kahawa, mgongo kwa mgongo. "Samahani, napita," akaniambia mara mbili. Mara ya pili nusura nimshike mkono. Watu wameona. Kwa hiyo kufikia kesho asubuhi watajua hata Dakota.

Alhamisi, 20 Februari

Nimelala vizuri siku tatu mfululizo, na najichukia kwa kulala vizuri. Hakuna safari, basi. Nimeiambia mashine ya kufulia nguo hivyo kwa sauti. Wiki zake tano zitakufa chunguni. Bibi wa miaka themanini na mbili anayetaka kusikilizwa saa moja na nusu, nami nimemwambia sitaki. Lakini nikijiuliza kama nataka, jibu ni lile lile. Sitaki. Nampenda, na sitaki. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba vyote viwili vinaweza kukaa kwenye mtu mmoja.

Jumamosi, 22 Februari

Saa tano asubuhi basi dogo la wazee limesimama mbele ya nyumba yangu. Dereva akamshusha Verna. Amevaa kofia yake nzuri. Nikatoka mbio nimpe mkono kwenye barafu.

"Acha," akasema. "Nina fimbo." Fimbo mpya, ina msumari chini. Akapanda ngazi zangu kwa mwendo wa konokono, nami nimesimama nimejishika mikono yangu mwenyewe isimguse.

Hakukubali kahawa, si mara ya kwanza, si ya pili, hata ya tatu. Hapo ndipo nikaogopa.

"Umeniumiza," akasema. "Siku tatu nimeumia. Ya nne nikampigia Darnell."

"Verna, nisamehe, sikupaswa..."

"Nyamaza, mtoto, sijamaliza. Ulipaswa, tena ulichelewa. Krismasi uliponiambia 'hilo nalo ni wazo', nikasema huyu hataki. Nikakubali staftahi kila kituo nione kama utasema. Hukusema. Nikachukua Galena. Ukarudia lile lile! Lowell alikuwa hivyo hivyo. Miaka hamsini na moja sijui alikuwa anapenda chakula gani. Nikajiambia huyu naye atakufa bila kusema." Akavuta pumzi. "Lakini zile dawa hazikuwa mtego. Zile nilikosea. Rhonda aliposema wewe utazipanga, nilifurahi. Nilifurahi kweli, kwa sababu peke yangu naogopa. Ndilo hilo."

Nikakaa.

Akaanza kuhesabu kwa vidole vyake. Duka la dawa sasa linamfungia kila dozi kwenye kifuko chake, vifuko vimeshikana kama mkanda, yeye anachana tu kinachofuata. Sindano ya jicho atachomwa siku moja kabla ya kuondoka, na inayofuata atakuwa amesharudi. Rhonda ameambiwa, na Rhonda amelia, na kulia hakuui mtu. Wisconsin, Galena na Arkansas amezirudisha chunguni, na hazitatoka tena, zimekwenda.

"Zote tatu? Verna! Hot Springs ndiko ulikotaka wewe!"

"Nilikotaka, ndiyo. Zimebaki Missouri na Alabama. Na kote kuwili Darnell amenipatia zile nyumba pana, zinazogawanyika. Unazijua? Ni nyumba moja yenye sehemu mbili. Kila sehemu ina mlango wake wa nje, kitanda chake, jiko lake. Katikati kuna mlango mmoja, na mlango huo una makufuli mawili, moja kila upande. Ukifunga wewe kwako, mimi siwezi kuingia hata nikitaka. Nikifunga mimi kwangu, nawe vivyo hivyo."

"Sasa ukianguka?"

"Nitapiga kelele, nina sauti. Nisipoanguka, usije." Akagonga fimbo sakafuni. "Nilikuomba udereva, Arlys. Sikukuomba uuguzi. Nusura nichukue vyote viwili, hilo nakubali. Sasa nakuuliza mara moja tu, na kama hutaki sema hutaki, nitakwenda na basi la kanisa na wale wanaoimba. Unakwenda?"

Sikukataa mara mbili kwanza.

"Nakwenda," nikasema.

"Haya. Sasa lete kahawa, nimeganda."

Jumanne, 4 Machi

Theluji inayeyuka mchana, inaganda usiku. Nimebadilisha oili ya gari. Simwamini Verna. Simaanishi kwamba ananidanganya. Namaanisha uzee haufungwi kwa kufuli, na Verna hajui usiku wa ugenini utakavyomtisha. Ataita, na mimi nitakwenda, kwa sababu ndivyo nilivyo. Najijua.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeendesha mpaka Iowa. Verna ameongea kutoka mpakani mpaka Des Moines. Nimemsikiliza, nadhani ilizidi saa moja na nusu. Vyumba viwili motelini.

Jumamosi, 8 Machi

Missouri, milimani. Mvua badala ya theluji. Nyumba ni safi, pazia za kijani, nje kuna mti umeanza kuchanua. Mwanamke wa mapokezi akatupa karatasi ya staftahi, kesho saa tatu, wote wawili. Verna akasema, "Nitakuja mimi. Mwenzangu atakuwa amelala."

"Bila wote wawili zawadi hakuna, bibi."

"Basi bakini na sufuria yenu."

Aliingia kwake kupitia mlango wake. Mimi kwangu. Nikasimama mbele ya ule mlango wa katikati mpaka nikajiona mjinga. Nikazungusha kufuli. Upande wa pili nikasikia naye amezungusha la kwake.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka kumekucha kabisa, sijui niko wapi. Ng'ambo ya mlango Verna alikuwa anafungua makabati, moja baada ya jingine, anapapasa. Maji yakamwagikia kitu. Akaguna. Kabati jingine. Anatafuta kahawa, nikawaza, na kahawa iko juu ya friji, niliiona jana, hawezi kuiona pale juu. Atapanda kiti. Nimelala nimekaza meno. Halafu kitu kikaanguka chini kwa kishindo, na kabla sijafikiri miguu yangu ilikuwa imeshashuka sakafuni na imeshavuka chumba, mkono uko kwenye kufuli.

"Arlys," sauti ya Verna ikasema, karibu kabisa, kama aliyeweka shavu mlangoni. "Nasikia unatembea. Rudi kitandani."

"Nini kimeanguka?"

"Sufuria. Mimi nimesimama. Rudi kitandani."

"Kahawa iko juu ya..."

"Nitaipata. Au nitakunywa kwa hao wauza nyumba. Rudi, mtoto."

Mkono wangu haukutaka kutoka kwenye lile kufuli. Ilibidi niutoe kwa mkono wa pili. Nikarudi, nikajifunika mpaka kichwani, na ndipo kilio kikanijia, kile ambacho hakikuja makaburini wala siku niliyokitoa kitanda cha mama nyumbani. Nimelia kwa sauti kama mtoto mdogo, nimeng'ata mto na bado kinatoka. Kuta zile ni nyembamba, najua alinisikia. Hakuja. Hakubisha, hakuniita, hakuniuliza nina nini. Nikamsikia akienda kwa fimbo yake mpaka kwenye televisheni, akaiwasha, akaongeza sauti kidogo, halafu akaongeza tena.

Nikalala mpaka saa sita mchana.